Bukavu: muti wa kando ya barabara ubadilishwe kwa kazi yake, si kwa sura yake

Barabara nyingi za kata ya Nyalukemba, katika komini ya Ibanda, hazilali tambarare. Kule Nguba na Muhumba, upande mmoja kunapanda kilima, upande mwingine kunashuka mpaka Ziwa Kivu. Ndiyo maana, mradi wa kupanda miti na maua kando ya barabara unapofika hapa, uzuri peke yake hautoshi. Wakaaji wanapaswa kujua pia udongo utashikwa na nini.

Mara nyingi tatizo linaanza kisha karatasi kutiwa sahihi. Kwenye plani kumeandikwa muti fulani, lakini kwenye pepinyeri haupatikani, ao ungali mdogo sana, ao bei imepanda. Mwenye kazi analeta mwingine wa kufanana nao. Unafanana kwa majani na kwa maua, lakini mizizi haifanani.

Tuchukue mfano wa vetiver. Nyasi hii inashusha mizizi chini wima, metre 2 mpaka 3, na katika inchi nyingi inapandwa kwenye kingo za barabara juu ya kuzuia mmomonyoko. Ukiweka nyasi za peluzi pahali pake, kwa macho ni kijani kilekile. Mvua kubwa ikinyesha, peluzi inabanduka pamoja na udongo wake. Udongo ule unajaza mitaro, maji yanapanda barabarani, na yanayobaki yanaenda ziwani pamoja na plastiki. Plastiki hizo ndizo zinazosumbua mashine za umeme za Ruzizi I, na muji mzima unakaa gizani.

Hata hivyo, mimea haiwezi kila kitu. Kule Funu, katika komini ya Kadutu, kilima kizima kinateleza polepole, na wanasayansi wanapima mwendo huo kwa satelaiti. Mizizi inashika udongo wa juu tu. Pale ardhi inapoteleza kutoka chini sana, hakuna muti utakaoizuia. Mahali pa namna hiyo panahitaji mitaro mizuri ya maji, na watu wasijenge juu yake.

Wengine wanatamani minazi ya mapambo, yenye shina refu na nyororo, kama ile ya Kigali. Inapendeza kweli. Lakini haimpatii kivuli mama anayepanda kilima na muzigo mgongoni, na kwenye mteremko haishiki udongo kama vetiver. Mikalitusi nayo inakomaa mbio, lakini inakunywa maji mengi, na ikirefuka kwenye ukingo, upepo unaweza kuiangusha barabarani. Chini ya nyaya za SNEL, muti wowote mrefu utakatwa kichwa kila mwaka. Pale vichaka vifupi vinafaa zaidi.

Kuna pia hatari ya sumu. Laurier-rose inachanua vizuri, lakini majani yake ni sumu, kwa hiyo haifai mbele ya masomo. Lantana ililetwa Afrika kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Leo imevamia mashamba na malisho, na inawaua ng'ombe.

Miti ya kufaa iko. Markhamia lutea, yenye maua ya manjano, ni ya eneo letu hili la Maziwa Makubwa. Erythrina abyssinica, yenye maua mekundu, inaota hata kwa kijiti kilichokatwa. Lakini ina miiba, basi ikae juu ya mteremko, mbali na njia ya wapita kwa miguu.

Na pale muti mzee ungali umesimama, kuulinda ni bora kuliko kuubadilisha. Nairobi, mwezi wa Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru mugumo wa zaidi ya miaka 100 kwenye Waiyaki Way usikatwe wakati barabara ya juu ilikuwa inajengwa. Miti mingine mingi kwenye njia hiyo haikupata bahati hiyo. Mche wa leo utangoja miaka mingi kabla ya kutoa kivuli cha namna ile.

Basi wakaaji na wakubwa wa kata wanaweza kuuliza mambo matatu kabla ya kazi kuanza. La kwanza: kwenye mkataba, je, kazi ya kila mumea imeandikwa pembeni ya jina lake, ikiwa ni kushika udongo, kutoa kivuli ao kupendeza tu? La pili: nani anapaswa kukubali kabla ya mumea kubadilishwa? La tatu: utapandwa lini, na nani atamwagilia? Mvua zinaanza mwezi wa tisa. Mche wa kupandwa mwezi wa tano unakutana na kiangazi mizizi bado haijashika, na ukikauka, feza zimepotea na mteremko umebaki uchi.