Mkono wa Upande wa Dirisha



Katika parokia zetu za Haut-Katanga, si rahisi kupata ukoo usio na baba, kaka ao mjomba anayeendesha lori. Tunamwombea anapoondoka, tunamshukuru Mungu anaporudi. Lakini siku moja itazameni mikono yake yote miwili. Huenda mkaona kwamba ule wa upande wa dirisha umekauka kuliko mwenzake. Sisi tumezoea kucheka na kusema kuwa ni alama ya kazi.

Mwaka 2012, jarida la udaktari la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilionyesha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, iliyoelekea dirisha, ilikuwa na ngozi nene yenye makunyanzi mazito. Nusu ya kuume ilionekana kuwa ya mtu mwenye umri mdogo zaidi. Kioo kilikuwa kimemdanganya. Huzuia mionzi inayounguza ngozi upesi, basi dereva hasikii maumivu. Lakini mionzi mingine, inayoingia ndani na kuizeesha ngozi, hupita katika kioo cha kawaida cha pembeni.

Wengine watatujibu kwamba ngozi nyeusi ina ulinzi wake. Ni kweli; Muumba ametujalia, na saratani ya ngozi hutupata kwa nadra kuliko watu weupe. Ila ndugu zetu wenye ualbino hawana ulinzi huo tangu kuzaliwa, na vijana wanaojipaka dawa za kung'arisha ngozi wanajivua wenyewe, kisha wanapanda juu ya shehena kwenda Kasumbalesa katika jua la Oktoba, linalosimama wima juu ya utosi.

Tena, macho hayalindwi na weusi wa ngozi. Jua la miaka mingi huchangia kuleta mtoto wa jicho, na ile nyama inayoota juu ya weupe wa jicho ikielekea mboni. Dereva mwenye mtoto wa jicho hupofushwa usiku na taa za gari linalokuja mbele yake, na kando ya barabara wanatembea mama zetu wakitoka sokoni. Basi jambo hili si lake peke yake.

Kofia pana anaposubiri mpakani, shati la mikono mirefu, miwani ya jua yenye alama ya UV400: hayo si anasa. Miwani myeusi isiyo na kinga ni mtego, kwani mboni hupanuka gizani na kupokea mionzi zaidi. Wala pazia lisitundikwe dirishani likaficha kioo cha pembeni.

Wako matajiri wanaonunua turubai ya kufunika mzigo, lakini miwani ya dereva huiona kuwa gharama. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu mahali pa kazi pasipodhuru afya kuwa haki ya mfanyakazi. Tuwaambie hivyo, kwa heshima, hata wakiwa wafadhili wa parokia.

Tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mapadri wengi hubariki magari. Tunapendekeza kwamba mwaka huu kila kikundi cha vijana kimwombe muuguzi wa macho awe uani baada ya Misa, awapime madereva kabla hawajawasha injini.