NYOTA ZIPIGWE PICHA KUNGALI NA GIZA

Kwa kawaida mpiga picha hutafuta mwanga. Iko hata hivyo picha moja isiyotaka mwanga, bali yataka giza na subira, nayo ni picha ya mapito ya nyota. Kamera hukazwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikaelekezwa mbinguni, na jicho lake likaachwa wazi muda wa saa nzima au zaidi. Nyota, ambazo machoni petu zaonekana zimetulia, katika picha hiyo hutokea kama mistari ya mwanga iliyotandazwa mbingu nzima. Kijana mwenye kamera ya kawaida aweza kuipiga, na simu nyingi za siku hizi zaweza pia. Rai yetu ni kwamba vijana wa pwani waipige, tena upesi, na wakati wa kuipiga wawe na wazee ubavuni.

Huenda msomaji akauliza, mistari hiyo yatoka wapi? Si nyota zikimbiazo, ni ardhi yetu izungukayo. Ardhi humaliza mzunguko wake kwa saa 23 na dakika 56, kwa hivyo kila dakika mbili nyota iliyo juu ya ikweta huonekana kuhama kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Jicho la binadamu halina subira ya kuuona mwendo huo. Kamera inayo.

Katika vitabu vya ng'ambo, picha hizi aghalabu huonyesha miviringo mikubwa iliyoizunguka nyota moja ya kaskazini, mfano wa viwimbi vya jiwe lililotupwa kisimani. Hiyo ni mbingu ya London au New York. Mbingu yetu ni nyingine. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta, na Lamu digrii mbili na kitu. Nyota ya kaskazini kwetu imezama chini ya upeo wa bahari, na ile nukta ya kusini ambayo mbingu yaizunguka iko juu ya upeo kwa vidole viwili au vitatu tu, mkono ukinyoshwa. Mtu akiweka kamera yake ufuoni akaielekeza mashariki, hupata nyota za katikati zikipanda kutoka majini wima kama mlingoti, za kushoto zikipinda kushoto, na za kulia zikipinda kulia. Tena kwa mwaka mmoja mtu wa hapa huziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Msalaba wa Kusini, ambao mkazi wa London hauoni kamwe akiwa kwao, sisi hutujia mlangoni.

Wazee wetu waliijua tofauti hii bila ya kamera. Jahazi lililong'oa nanga hapa kwa upepo wa kusi kwenda Arabuni lilikuwa likiiacha mbingu moja na kuingia nyingine. Likishavuka ikweta, nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Al-Jah, huchomoza upeoni na kuzidi kupanda kadiri safari inavyoendelea. Nahodha akipima kimo chake kwa vidole, akajua amefika wapi. Ahmad ibn Majid aliiandika elimu hiyo ya bahari kitabuni karibu na mwaka 1490. Na waliosoma Sura ya Al-An'am wajua kuwa katika aya ya 97 nyota zimetajwa kuwa ni uongozi kwa watu gizani, nchi kavu na baharini.

Sasa tuangalie kalamu ilivyowafaa wenzetu. Nyota ya kwanza kupigwa picha, ukiliacha jua, ilipigwa Julai 1850 huko Harvard, Marekani. Wazungu huiita Vega, jina lililotokana na neno la Kiarabu waqi. Altair, Aldebaran, Rigel na Fomalhaut nayo asili yake ni Kiarabu. Majina hayo yalidumu kwa kuwa yaliandikwa. Abdur-Rahman al-Sufi aliyatia katika kitabu chake cha michoro ya nyota mnamo mwaka 964, na kitabu kikasafiri karne kwa karne.

Je, yetu? Kilimia twakijua, kwa kuwa methali imekihifadhi: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Zuhura twaijua. Lakini majina mengine yamo vinywani mwa wavuvi na manahodha wazee, na hakuna ajuaye kwa yakini yameandikwa mangapi. Mvuvi mzee hakuonyeshi nyota kitabuni. Hukuonyesha kwa kidole, usiku, penye giza. Akiondoka duniani, kidole kile kimeondoka naye. Hapo ndipo picha inapokuwa na kazi kubwa kuliko urembo wa ukutani. Picha yenye mahali, tarehe, saa na upande, pamoja na jina alilolitaja mzee, ni ushahidi ambao mtaalamu yeyote wa nyota, leo au miaka 100 ijayo, aweza kuutazama akajua bila shaka ni nyota ipi iliyokuwa ikitajwa.

Lakini kazi hiyo haiwezekani pasipo giza, na giza letu lapungua. Mjini Mombasa taa za barabara, maduka na mahoteli zimetanda ukungu wa mwanga uliozimeza nyota ndogo ndogo. Wengi wetu siku hizi huinua macho kwa makini mara mbili tu kwa mwaka, kuutafuta mwezi wa Ramadhani na mwezi wa Idi. Lamu nako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa mwaka 2021, na penye bandari hapakosi taa.

Wako watakaosema kuwa taa ni usalama, nasi hatuwapingi. Hatutaki watu watembee wakijikwaa. Twasema taa ifunikwe juu, imulike njia na wapitao, isimulike mawingu ambayo hayana mwizi. Taa ielekezwayo chini hupoteza umeme kidogo, tena haimtii mtu kiwi. Watoto wa kasa nao watanufaika, maana wakitoka mayaini usiku hufuata upande wenye mwanga, na taa za ufuoni huwapoteza wakaenda bara badala ya baharini. Serikali za kaunti za pwani na wenye mahoteli yafaa walitazame jambo hili.

Kwa vijana watakaoianza kazi hii, haya ni machache ya kuzingatia. Chagueni usiku usio na mwezi, mwezi mwandamo ukaribiapo. Siku hizo ndizo za bamvua, basi wekeni stendi juu ya alama ya maji makuu, msije mkarudi kuikuta inaogelea. Zamani filamu moja iliachwa wazi saa kadhaa. Leo ni bora kupiga picha nyingi za sekunde 30 mfululizo, 120 kwa saa moja, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta. Futeni lenzi mara kwa mara, kwani hewa ya bahari ina chumvi na umande. Mkiona mstari ulionyooka ukikata mistari mingine, huenda ni setilaiti ipitayo. Msiuonee ugeni, kwani pwani hii nayo ina sehemu katika habari hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wetu, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwenda kuchunguza miale itokayo kwenye nyota.

Madrasa, shule na vikundi vya vijana, kuanzia Vanga hadi Kiunga, vyaweza kuianza kazi hii bila ya kungoja mfadhili. Kamera moja, mkeka mmoja na mzee mmoja aliyewahi kushika usukani usiku vyatosha. Mwezi wa kwanza usio na mawingu, mwendeeni mzee huyo mumwombe awaonyeshe, na kila atakalolitaja liandikwe usiku ule ule.