Nyarubanja ya Jikoni

Mzee yeyote wa Muleba aliyekula chumvi nyingi anajua maana ya nyarubanja. Mtwarwa alitunza migomba, akapalilia kahawa na kulea watoto wake katika kibanja kile. Hata hivyo alimlipa mtwazi, kwa kuwa ardhi haikuhesabiwa kuwa yake. Mwaka 1965 Serikali ilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji hao. Leo nauliza: je, mfumo ule hauturudii kwa mlango wa jikoni?

Agosti 2024, Anova, kampuni ya Marekani inayouza vyombo vya kupikia vinavyoongozwa kwa simu, ilitangaza kwamba watumiaji wapya wa programu yake watalipa dola 1.99 kila mwezi. Matoleo yake ya awali yalipangiwa kukatwa mawasiliano na programu hiyo Septemba 2025. Chombo kingebaki mezani kwa mnunuzi na kuwashwa kwa mkono, lakini uwezo aliokwisha kuulipia ungeondolewa na mtu aliye mbali.

Msomaji atasema: Ngenge tunapikia kuni, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Njia mojawapo ya kumfikia mwenye kipato kidogo ni mita ya gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambayo KopaGas iliianzisha Dar es Salaam. Mitambo ya sola ya mkopo nayo hufungwa kutoka mbali malipo yakichelewa.

Silaumu mkopo. Mkopaji anajua masharti tangu mwanzo, na deni lina mwisho. Ninachokikataa ni kufuli linalobaki baada ya deni kwisha, na ada inayozaliwa baada ya mauzo. Huko si kuuza. Ni kupangisha kwa jina la kuuza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tayari inamwahidi mnunuzi kumiliki mali yake bila kubughudhiwa. Ilitungwa kabla ya kufuli la mtandaoni, lakini msingi wake ungali hai. Tume ya Ushindani iujengee kanuni tatu: muda wa huduma ya programu uandikwe kwenye boksi, uwezo uliokwisha kulipiwa usitozwe ada mpya, na malipo ya mwisho ya mkopo yaliondoe kufuli moja kwa moja.

Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa zabuni za majiko ya ruzuku, msingoje kanuni hizo. Yaandikeni masharti hayo katika mikataba sasa, kabla jiko la kwanza halijafika Ngenge. Wapangaji wa nyarubanja walisubiri sheria kwa vizazi. Wajukuu wao hawana sababu ya kusubiri tena.