Wanariadha wa kigeni nao walipwe

Tangu Julai 2021, mwanamichezo wa chuo kikuu nchini Marekani anaruhusiwa kulipwa jina na sura yake vinapotumika kibiashara. Haki hiyo ilipiganiwa. Ed O'Bannon, bingwa wa mpira wa vikapu wa vyuo akiwa na timu ya chuo kikuu cha UCLA mwaka 1995, alikwenda mahakamani mwaka 2009 baada ya kujiona ndani ya mchezo wa video: umbo lake, jezi yake namba 31, na hakulipwa hata senti.

Lakini vijana wa Kenya wanaovikimbilia vyuo hivyo mbio za nyika bado wamefungwa mikono na visa ya wanafunzi ya F-1, inayobana kazi za malipo. Jasho ni lile lile. Bunge la Marekani lirekebishe sheria ya visa hiyo, na Chama cha Riadha Kenya kiwaeleze vijana masharti haya kabla hawajasaini ufadhili.