Kwenda Madrid, Kwa Nini Tupitie London?

Wanachuo wenzangu, kuna jambo huwa linasemwa kantini kwa sauti ya chini, mimi naomba nilisemee hapa. Koozi ya Kihispania haitutesi kwa sababu Kihispania ni kigumu. Inatutesa kwa sababu tunafundishwa kwa kupitia Kiingereza, wakati lugha inayofanana zaidi na Kihispania kwenye vitenzi tunayo mdomoni tangu utotoni. Watu wanakula sapu kila mwaka, wengine wanaiacha koozi katikati ya muhula, halafu tunaambiwa hatuna kipaji cha lugha. Watu waliokua na lugha mbili au tatu nyumbani, hawana kipaji cha lugha? Hapana.

Najua mtaniuliza, Kiswahili na Kihispania wapi na wapi? Moja ya Kibantu, nyingine binti wa Kilatini. Undugu wa damu haupo na sidai upo. Ninachodai ni kwamba vitenzi vya lugha hizi mbili vinafanya kazi kwa mtindo mmoja, na mtindo huo Kiingereza hakina.

Chukua kitenzi kimoja tu, hablar, yaani kusema au kuongea. Wakati uliopo kinakwenda hivi: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Sasa soma na hii: nasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema. Sita kwa sita. Neno moja limembeba mtendaji, wakati na tendo lenyewe. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Basi.

Kiingereza kina "speak" karibu kwa kila mtu, kwa hiyo lazima kimtaje mtendaji kila mara. Ukitafsiri kutoka huko unapata kile tunachokisikia darasani kila siku: yo hablo, yo como, yo vivo. Kwa sikio la mwenye lugha yake ni kama mtu anakuambia "mimi nasema, mimi nakula, mimi naishi", mimi, mimi, mimi, kama vile kuna aliyembishia. Hakuna anayeongea Kiswahili hivyo, labda awe anagombana.

Twende wakati uliopita, maana ndipo vilio vinapoanza. Kihispania kina hablé na hablaba. Mwongozo wa Kiingereza unakuletea "I spoke" kwa yote mawili, halafu unakupa kurasa za maelezo kuhusu tendo lililokamilika na tendo lisilokamilika. Kwa Kiswahili ungeambiwa hivi tu: "Jana niliongea na mama", hiyo ni hablé. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa naongea Kisukuma", hiyo ni hablaba. Ukisikia "nilikuwa na-" au "nilikuwa niki-" kichwani mwako, mara nyingi mkia unaoutaka ni -aba. Na "nimeongea naye leo" ni he hablado, angalau kwa Kihispania cha Hispania. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini watasema hablé tu hata kwa jambo la leo asubuhi.

Wakati ujao ndio kabisa. Hablaré, nitasema. Neno moja kwa neno moja. Na wakisema voy a hablar, ni ile ile "naenda kusema" ya kwetu.

Sasa tufike kwenye lile zimwi linaloitwa subjuntivo. Nimeona watu wenye A za masomo mengine wakikaa mbele ya subjuntivo kama wamepigwa radi. Kiingereza kimebakiwa na kipande kidogo tu cha jambo hilo, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kinalieleza kama ugonjwa wa nchi za joto. Lakini tazama:

Nataka aseme: quiero que hable.
Nakuomba useme: te pido que hables.
Ni bora tuseme: es mejor que hablemos.
Ili waseme: para que hablen.

Umeona? Anasema, aseme. Habla, hable. Ile -a ya mwisho imekuwa -e, kwao na kwetu. Herufi kufanana ni bahati tu, na vitenzi vyao vya -er na -ir vinakwenda kinyume: come inakuwa coma, vive inakuwa viva. Kilicho muhimu ni kwamba mahali pa kuitumia ni pale pale: baada ya kutaka, kuomba, kushauri, na baada ya "ili". Hata kukataza ni hivyo hivyo. Sema ni habla. Usiseme ni no hables. Mwenzetu wa Kiingereza anajifunza kanuni mbili tofauti za kuamuru na kukataza. Wewe ulizijua zote kabla ya kuanza shule, siku ulipoambiwa "kula" na siku ulipoambiwa "usile".

Sisemi kwamba Kiswahili ni ufunguo wa kila mlango. Kuna mashimo, na anayetaka kufundisha kwa Kiswahili lazima ayataje. "Nimechoka" ina -me-, lakini ukienda nayo kwenye he utapotea. Wao wanasema estoy cansado, kwa sababu hapo -me- yetu inaeleza hali uliyo nayo sasa hivi. "Amelala" nayo ni está dormido. "Kama ningeweza, ningesema": sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, wao wanasema si pudiera, hablaría, kila upande na umbo lake. "Sidhani kama atasema" kwetu ni wakati ujao wa kawaida, kwao ni subjuntivo, no creo que hable. Na vile vitenzi vikorofi, kama fui ambayo ni "nilikuwa" na pia ni "nilienda", havina njia ya mkato. Hapo ni kupiga msuli usiku kucha, utake usitake. Lakini shimo ukishaoneshwa unaliruka. Tatizo letu ni kwamba ramani tuliyopewa ina mashimo ya Waingereza, ya kwetu hayamo.

Kuna wanaosema lugha ya kigeni ifundishwe kwa lugha hiyo hiyo. Sawa, nakubali, nami napenda mhadhiri akiingia darasani akaongea Kihispania mwanzo mwisho. Ila mtu akikwama, maelezo yanatoka kwa lugha gani? Yanatoka kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali si kama tutumie lugha ya msaada. Tayari tunaitumia. Swali ni ipi.

Wengine watasema chuo kinafundisha kwa Kiingereza na mtihani unaulizwa kwa Kiingereza, tena tunao wenzetu wa nje wasiojua Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki mtu yeyote afungiwe mlango. Ndiyo maana siombi Kiingereza kiondolewe. Naomba safu moja iongezwe kwenye jedwali. Pale palipoandikwa hablaba na tafsiri yake ya Kiingereza, pawekwe na "nilikuwa nasema". Safu moja tu, na haimpunguzii mtu kitu.

Kinachoniuma zaidi si hata alama. Mwanafunzi akiuliza swali kwa Kiswahili kwenye somo la Kihispania na kuambiwa aulize kwa Kiingereza, anajifunza mambo mawili siku hiyo. La kwanza ni jibu la swali lake, kama atapata ujasiri wa kurudia. La pili ni kwamba lugha yake haina kazi mbele ya elimu. Wakati huo huo Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, na Kihispania nacho kimo humo, maana Guinea ya Ikweta ni nchi ya Afrika inayokitumia kama lugha rasmi. Siku wajumbe wa lugha hizi mbili watakapohitaji mtu wa kuwatafsiria moja kwa moja, tutamtoa wapi kama kila anayejifunza Kihispania hapa amekipitishia kwa Kiingereza?

Basi tuanze na kile kilicho mikononi mwetu. Wahadhiri wana mambo mengi, lakini madesa tunayaandika wenyewe. Sisi wa mwaka wa pili tukae na wenzetu wanaosoma isimu ya Kiswahili, tutengeneze desa la vitenzi 50 vinavyotumika zaidi, kila kimoja na nafsi zake sita, nyakati zake, na safu ya Kiswahili pembeni. Mashimo niliyoyataja yawekwe alama. Serikali ya wanafunzi igharamie kutoa nakala, maana ni karatasi chache tu. Mwaka wa kwanza wakiingia muhula ujao walikute tayari, na wa kwanza kati yao atakayeuliza subjuntivo ni nini ajibiwe kwa neno moja analolijua: aseme.