Viza, Hija na Utu wa Msafiri: Mzigo wa Ushahidi Unaobebwa na Wafilipino

Majimbo mengi ya Kanisa Katoliki ulimwenguni yanaendelea kuwaandaa vijana kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani, itakayoadhimishwa jijini Seoul, Korea ya Kusini, kuanzia tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Kwa vijana Wakatoliki wa Ufilipino, Seoul ni jirani: ni mwendo wa takribani saa nne kwa ndege kutoka Manila. Hata hivyo, imani na nauli havitoshi kumfikisha kijana huyo kwenye hija yake. Raia wa Ufilipino anahitaji viza ili aingie Korea ya Kusini, kama anavyoihitaji kuingia Japani, Marekani, Uingereza, Australia na nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen. Kijana wa Kenya au wa Tanzania anayetamani kufika Seoul yuko katika foleni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, hali ya wasafiri Wafilipino inatuhusu na sisi.

Ufilipino ni taifa lenye watu zaidi ya milioni 100, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, takribani asilimia 79 ya wakazi wake ni Wakatoliki. Mwezi Januari 1995, Manila iliwapokea vijana wa dunia pamoja na Mtakatifu Yohane Paulo II katika mkusanyiko uliohudhuriwa na mamilioni ya waamini. Taifa lililofungua milango yake kwa namna hiyo ndilo ambalo raia wake leo wanatakiwa kuthibitisha, hati baada ya hati, kwamba wakiondoka watarudi.

Ramani ya milango iliyo wazi na iliyofungwa

Pasipoti ya Ufilipino inafungua milango kadhaa bila viza. Katika Jumuiya ya Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, Mfilipino huingia Thailand, Malaysia, Indonesia na Singapore kwa matembezi mafupi. Hong Kong humruhusu kukaa siku 14, na Taiwan imefanya hivyo pia tangu Novemba 2017. Brazili, Moroko na Israeli nazo hazimdai viza kwa safari fupi. Ndiyo maana hija ya Nchi Takatifu, amani inapokuwapo, imekuwa rahisi kwake kuliko hija ya Roma.

Mji wa Vatikano hautoi viza ya kuingilia, kwa kuwa njia ya kuufikia hupita Italia, na Italia imo katika eneo la Schengen. Hujaji Mfilipino anayetaka kusali kwenye kaburi la Mtume Petro analazimika kupeleka maombi pamoja na alama za vidole, taarifa za benki, uthibitisho wa kazi au masomo, mpango wa safari, mahali pa kulala na bima ya matibabu isiyopungua thamani ya Euro 30,000. Tangu Juni 2024, ada ya mtu mzima imepanda kutoka Euro 80 hadi Euro 90, na haiwezi kurejeshwa maombi yakikataliwa. Akikubaliwa, hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180.

Marekani ilipandisha ada ya maombi ya viza ya matembezi hadi dola 185 mwaka 2023. Kanada, kwa upande wake, ililegeza masharti mwezi Juni 2023: Mfilipino anayesafiri kwa ndege anaweza kupata idhini ya mtandaoni bila viza, ikiwa aliwahi kuwa na viza ya Kanada katika miaka 10 iliyopita, au ana viza halali ya muda ya Marekani. Ni nafuu ya kweli. Lakini inaonesha pia jinsi mfumo huu unavyofanya kazi: aliyekwisha kuaminiwa ndiye anayeaminiwa tena, na asiyewahi kusafiri hubaki mlangoni.

Inafaa kukumbuka kwamba Ufilipino yenyewe huwapokea raia wa nchi nyingi kwa siku 30 bila viza, wakiwemo raia wa Tanzania, Kenya na Uganda. Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafilipino wanaitimiza methali hiyo kwa mataifa mengi ambayo hayawatendei wao vivyo hivyo.

Swali lililo nyuma ya hati

Hati zote hizi zinatafuta jibu la swali moja: je, utarudi kwenu? Sheria ya uhamiaji ya Marekani, katika kifungu cha 214(b), inamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ana nia ya kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kwamba sivyo. Mahakamani, mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Katika dirisha la ubalozi, mzigo wa ushahidi unakuwa juu ya mabega ya anayeomba.

Sisi tunasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ofisa wa ubalozi hana kipimo cha upendo wa mtu kwa nyumba yake. Anachoweza kupima ni mshahara, akiba, shamba lenye hati na safari zilizopita. Hivyo mkulima wa Mindanao, mwenye wazazi wazee, watoto na parokia anayoitumikia kama katekista, huonekana kuwa na sababu chache za kurudi kuliko mfanyabiashara mwenye akaunti nene. Kipimo kilichokusudiwa kupima uaminifu kinaishia kupima mali.

Mlango wa pili uko nyumbani

Kwa Mfilipino, kupata viza si mwisho wa safari ya ushahidi. Kwenye uwanja wa ndege wa nchi yake, maofisa uhamiaji wana mamlaka ya kumhoji na kumzuia asiondoke. Anaweza kuulizwa tiketi ya kurudi, mahali atakapofikia, kazi yake na uwezo wake wa kujigharimia. Anayelipiwa na ndugu aliye ng'ambo hutakiwa kuonesha hati ya kiapo ya mdhamini pamoja na uthibitisho wa undugu wao. Anayekwenda kufanya kazi hana budi kuwa na cheti cha ajira ya ng'ambo kutoka serikalini.

Utaratibu huu una historia yenye machozi. Tangu Kanuni ya Kazi ya mwaka 1974, chini ya Rais Ferdinand Marcos, serikali ilisimamia rasmi upelekaji wa wafanyakazi nje. Mwezi Machi 1995, Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani, alinyongwa nchini Singapore, na taifa zima likaomboleza. Miezi michache baadaye ilipitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi wahamiaji. Mwaka 2003 ilifuata sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikaanzishwa wizara kamili ya wafanyakazi wahamiaji. Fedha wanazotuma nyumbani zilizidi dola bilioni 34 mwaka 2024.

Nia ya kulinda ni njema, lakini matunda yake yanahitaji kupimwa. Mwaka 2022, zaidi ya Wafilipino 32,000 walizuiwa kuondoka; waliobainika kuwa waathirika wa usafirishaji haramu au wa uandikishaji wa kazi usio halali hawakufikia 500. Mapema mwaka 2023, abiria mmoja aliyekuwa akielekea Israeli alieleza jinsi alivyohojiwa kwa muda mrefu, hata akaulizwa kitabu cha kumbukumbu cha shule yake, na ndege ikamwacha. Mwezi Agosti mwaka huo huo serikali ilitangaza miongozo mipya ya hati za kuondokea, lakini ikasitishwa kabla ya kuanza kutumika, kufuatia malalamiko ya wananchi na ya Maseneta. Wengi waliikumbusha serikali kwamba Katiba ya mwaka 1987 inalinda haki ya kusafiri, na inaruhusu ibanwe kwa mujibu wa sheria kwa ajili ya usalama wa taifa, usalama wa umma au afya ya umma tu.

Hofu yenye msingi

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuwahukumu maofisa hao kana kwamba hakuna mbwa mwitu. Katika miaka ya karibuni, vijana Wafilipino wameahidiwa kazi nzuri za ofisini nchini Thailand. Wakasafiri kama watalii, kwa kuwa Thailand haiwadai viza, kisha wakavushwa mpaka hadi maeneo ya Myawaddy nchini Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Katika makambi hayo hayo wameokolewa pia Waafrika, wakiwemo Wakenya na Waganda.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Msafirishaji haramu humwandalia mwathirika wake tiketi ya kurudi, hoteli na majibu ya kukariri. Mtu mwaminifu, asiye na wa kumfundisha, ndiye anayebabaika mbele ya dirisha. Wingi wa hati hauwatenganishi wema na waovu; mara nyingi huwatenganisha waliofundwa na wasiofundwa, wenye nacho na wasio nacho. Ulinzi wa kweli ungeanza mapema zaidi: kwa kumfuatilia wakala anayeandikisha, kumwadhibu anayempokea mwathirika upande wa pili, na kuwaelimisha vijana kabla hawajauza shamba la familia ili kulipia safari.

Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa

Mama Kanisa anatambua haki ya dola kulinda mipaka yake na kuweka masharti ya kisheria. Katekisimu, katika namba 2241, inawakumbusha wageni wajibu wa kuheshimu sheria za nchi inayowapokea. Lakini inaanza kwa kuyakumbusha mataifa yenye neema zaidi wajibu wa kumpokea mgeni kwa kadiri ya uwezo wao. Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wa “Pacem in terris” wa mwaka 1963, aliiweka haki ya kuhama miongoni mwa haki za binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko aliufupisha wajibu wetu kwa wahamiaji katika maneno manne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Sheria ya viza inayomlinda mtu bila kumdhalilisha inaweza kuutumikia wajibu huo. Ile inayoufanya umaskini kuwa ushahidi wa hila inaupinga.

Papa Fransisko aliwafahamu Wafilipino kwa karibu. Tarehe 15 Desemba 2019 aliadhimisha pamoja nao Misa katika Basilika ya Mtakatifu Petro, akawahimiza waendelee kuwa wapitishaji wa imani kwa magendo: watu wanaoingiza Injili katika nyumba wanamofanya kazi, pasipo ofisa yeyote kuikagua mizigo ya mioyo yao. Parokia nyingi za Ulaya na za nchi za Ghuba zina kwaya, makatekista na watoto wa Kipaimara kwa sababu Wafilipino walifika huko.

Kwa parokia zetu, somo hili lina sura ya utendaji. Anayeandaa hija ya Seoul aanze mapema kukusanya hati, na azikusanye kwa ukweli, kwani taarifa moja ya benki iliyoghushiwa huharibu jina la kundi zima. Barua ya paroko itolewe kwa yule anayefahamika kweli, kamwe isiwe bidhaa. Kijana anayeahidiwa kazi ng'ambo kwa viza ya matembezi aambiwe wazi kwamba anatoka nje ya ulinzi wa mkataba wa kazi. Na anayerudi na pasipoti iliyogongwa muhuri wa kukataliwa asipokelewe kwa minong'ono, kwa maana kunyimwa viza si dhambi.

Mtakatifu Lorenzo Ruiz, mtakatifu wa kwanza wa Ufilipino, mume na baba wa watoto watatu, aliondoka Manila kwa meli mwaka 1636 akikimbia tuhuma ya mauaji, akafia imani Nagasaki mwaka uliofuata. Angesimama leo mbele ya dirisha la ubalozi, asingekuwa na hati hata moja ya kumtetea. Tumwombe awaombee wote wanaosubiri majibu, na awaombee pia maofisa wanaoamua, ili katika kila pasipoti waone kwanza uso wa mtu. Kristo mwenyewe alisema kwamba katika mgeni aliyepokelewa, ni yeye aliyepokelewa (Mt 25:35).