Upendeleo wa Rangi Uelezwe kwa Hesabu, Usielezwe kwa Matusi

Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba habari ya upendeleo wa rangi ilizikwa pamoja na bendera ya Mwingereza mwaka 1961. Wako na wengine ambao kila wakilitaja jambo hilo hulitaja kwa matusi. Makundi yote mawili yanakosea, na makosa yao huwaumiza wananchi wale wale.

Katika safari yangu moja baina ya Masasi na Newala niliketi kwenye benchi la ofisi fulani ya umma. Akaingia mgeni Mzungu. Kabla hajasema neno, bibi mmoja aliyefika pale tangu alfajiri aliinuka akampisha, na karani akamwita mgeni mbele. Walimu wawili waliokuwapo wakaanza kubishana. Mmoja alisema kuwa huo ni ukarimu tu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenzake akamjibu kwamba mzee aliyetoka Tandahimba naye alikuwa mgeni pale, wala hakuna aliyemwinukia. Mgeni mwenyewe alifahamu Kiswahili. Aliona haya, akataka kurudi mwisho wa foleni. Karani akamsihi asirudi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Upendeleo ule haukudaiwa na aliyepewa. Ulikuwa umekaa katika benchi, katika sauti ya karani, na katika magoti ya bibi yule. Umekaa hata katika ndimi zetu. Kitu kilichotengenezwa vizuri twakiita cha kizungu. Jambo la ovyo twaliita la Kiswahili. Wakoloni waliigawa miji yetu kwa rangi, nasi tukazoea kutamka Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kana kwamba ni majina ya milima na mito. Hiyo ndiyo kasumba.

Je, mwalimu ayaeleze vipi mambo haya darasani? Napendekeza aanze kwa hesabu. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ililipanua Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Upande wa wawakilishi ulipewa viti 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Mpango huo ukasifiwa kuwa ni usawa. Lakini nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000. Mwanafunzi na agawe mwenyewe. Kila Wazungu 2,000 walipata kiti kimoja. Waafrika walihitaji kuwa 800,000 ili wapate kiti kama hicho. Mzungu mmoja alihesabiwa sawa na Waafrika 400. Katika hesabu hiyo hamna tusi hata moja, na mtoto atakuwa amejionea mwenyewe kwamba upendeleo hupenda kuvaa jina la usawa.

Wapo watakaosema kuwa mazungumzo ya namna hii yatapandikiza chuki. Historia yetu haikubaliani nao. Chama kilichoipinga hesabu ile, yaani TANU, ndicho kilichokataa kulipiza kisasi. Mwezi Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi ya mtu, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Na Masasi yenyewe ilikuwa na Askofu Trevor Huddleston tangu 1960 hadi 1968, Mzungu aliyekwisha kupambana na ubaguzi wa makaburu huko Sophiatown, Johannesburg. Mtu kama huyo hakuhitaji kufichwa ukweli ili asichukizwe. Aliujua, akausema.

Basi tofauti iwekwe wazi. Tunapotaja upendeleo wa rangi, hatumshitaki mtu kwa ngozi aliyozaliwa nayo. Tunaushitaki utaratibu uliompa mmoja kiti na kumnyima mwingine, na mazoea yaliyobaki baada ya utaratibu huo kufutwa. Anayetukana humpa msikilizaji sababu ya kuziba masikio; anayenyamaza humwacha bibi yule aendelee kusimama.

Walimu wanayo chaki. Watumishi wa umma wanalo daftari la zamu. Karani akiita majina kama yalivyoandikwa, kwanza wa alfajiri, kisha wa saa nne, atakuwa amelifundisha somo hili kwa ufasaha kuliko makala hii.